Mayelini: namna ganda la mafuta linavyoipa neva kasi

Mayelini ni mafuta. Ukiikausha na kuipima, asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake ni kolesteroli na mafuta mengine ya utando wa seli; kilichobaki ni protini. Mafuta hayapitishi umeme, na ishara za neva ni umeme. Hata hivyo nyuzi za neva zilizoviringishiwa mayelini hupeleka ishara kwa mita 50, 80, hata 120 kwa sekunde, ilhali zile zisizo nayo huambulia mita moja hivi. Maelezo tuliyozoea shuleni, kwamba ishara "huruka" kutoka pengo moja hadi jingine, hayatoshi. Yanataja kinachoonekana na kuacha sababu. Sababu ni kwamba uzi wa neva ulio mtupu hupoteza muda wake mwingi katika kujaza chaji, na mayelini huuondolea kazi hiyo karibu yote.

Tofauti hii kila mtu ameionja mwilini mwake. Ukijikwaa kidole gumba cha mguu, kwanza huja maumivu makali ya kuchoma yanayokufanya uvute mguu. Baada ya kama sekunde moja hufuata mengine ya kuunguza, yasiyo na mahali maalumu. Jeraha ni moja. Maumivu ya kwanza yamepita kwenye nyuzi nyembamba zenye mayelini kidogo, kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ya pili yamepanda kwa nyuzi zisizo na mayelini, zenye unene wa maikromita moja hivi, ambazo mwendo wake ni nusu mita hadi mita 2 kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita moja, kwa hiyo sekunde ile ya kungoja ni safari yenyewe.

Kinachosafiri ni nini hasa

Kila seli ya neva ina mkia mrefu, yaani aksoni. Aksoni inayotoka uti wa mgongo hadi misuli ya unyayo hukaribia urefu wa mita moja kwa mtu mzima, na unene wake hauzidi maikromita 20, sehemu ya hamsini ya milimita. Ndani yake kuna potasiamu nyingi, nje kuna sodiamu nyingi. Pampu zilizo kwenye utando hutoa ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayotumika, na utando wenyewe huvujisha potasiamu kwenda nje. Matokeo yake ni kwamba aksoni iliyotulia ina volti hasi ndani, kama milivolti 70 chini ya nje.

Volti hiyo ikipandishwa mahali fulani hadi karibu −55, chaneli za sodiamu za mahali hapo, yaani milango midogo ya kuipitisha kwenye utando, hufunguka. Sodiamu huingia kwa nguvu, volti huvuka sifuri na kufika +30 au zaidi, kisha chaneli za sodiamu hujifunga zenyewe na potasiamu hutoka kurudisha hali ya mwanzo. Tukio zima huchukua kama milisekunde moja. Hakuna ioni hata moja iliyosafiri kutoka mgongoni hadi unyayoni. Kilichosafiri ni tukio: sodiamu iliyoingia hapa husukuma chaji mbele kidogo ndani ya aksoni, chaji hiyo huinua volti ya kipande kinachofuata hadi −55, nacho hufungua milango yake.

Kusukuma chaji ndani ya aksoni hakuchukui muda wa kutajika. Muda huliwa na kule kuinua volti. Utando wa seli una unene wa nanomita chache tu, na kitu chembamba namna hiyo kinachotenganisha maji mawili yenye chumvi hubeba chaji nyingi pande zake mbili: kapasitansi yake, yaani uwezo wake wa kushika chaji, ni karibu maikrofaradi 1 kwa kila sentimita ya mraba. Lazima chaji hiyo ibadilike kwanza ndipo volti ipande. Juu ya hapo, utando unavuja. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliotengenezwa kwa raba laini na kutobolewa vitundu. Ukifungua bomba, maji hutanua kwanza kuta za mpira, mengine yanatokea vitunduni, na mwisho wa mpira hupata kidogo tena kwa kuchelewa. Aksoni tupu iko hivyo, na ndiyo maana hulazimika kuiwasha ishara upya kila hatua, kila mara ikilipia muda wa kujaza kipande kinachofuata.

Njia mbili za kuongeza kasi

Ya kwanza ni kuinenepesha aksoni, ili chaji ipite ndani kwa ukinzani mdogo. Ngisi amefuata njia hii. Aksoni yake kubwa, inayobana mwili wake ili arushe maji na kukimbia, ina unene wa nusu milimita hadi milimita moja, na ndiyo waliyoitumia Alan Hodgkin na Andrew Huxley katika maabara ya Plymouth, Uingereza, kueleza ishara ya neva kwa hesabu mwaka 1952. Kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Pamoja na unene huo wote, ishara yake huenda kama mita 25 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba katika aksoni tupu kasi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha unene. Ukitaka kasi mara nne, unene lazima uwe mara kumi na sita. Aksoni ya ngisi ya nusu milimita ingehitaji kunenepa hadi milimita 8 ili ifikie mita 100 kwa sekunde.

Njia ya pili ndiyo yetu, na ya wanyama wote wenye uti wa mgongo na mataya. Seli jirani huizunguka aksoni, tena na tena, huku ikikamua maji yake ya ndani mpaka tabaka za utando wake zinabaki zimebanana. Kwamba mayelini ni utando wa seli uliojiviringa namna hiyo kulionyeshwa na Betty Ben Geren mwaka 1954, kwa hadubini ya elektroni, kwenye neva za kifaranga aliye ndani ya yai. Kwenye mikono na miguu kazi hii hufanywa na seli za Schwann, kila moja ikifunika kipande kimoja cha aksoni moja. Kwenye ubongo na uti wa mgongo hufanywa na oligodendrositi, na moja yaweza kuhudumia vipande 30 hadi 50 vya aksoni tofauti. Ndiyo maana oligodendrositi moja ikifa hasara husambaa.

Hesabu ya tabaka inastahili kufanywa polepole, maana siri yote imo humo. Mzunguko mmoja ni tando mbili. Mizunguko 50 ni tando 100 zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukinzani wa tando hujumlishwa, kwa hiyo uvujaji hupungua kwa takriban mara 100. Kapasitansi hufanya kinyume: hugawanywa kwa idadi ya tando, kwa hiyo chaji ya kujaza nayo hupungua kwa takriban mara 100. Chaji iliyosukumwa mwanzoni mwa kipande hufika mwishoni mwake bado ina nguvu, na haraka.

Faida nyingine ni kwamba katika uzi wenye mayelini kasi huongezeka sambamba na unene, si kwa kipeuo. Kwa mamalia kanuni ya mkato ni mita 6 kwa sekunde kwa kila maikromita ya unene wa nje. Uzi wa maikromita 17 hufika mita 100. Linganisha na zile milimita 8 za ngisi. Neva ya jicho la binadamu ina nyuzi takriban milioni moja ndani ya mshipi wenye unene wa milimita 4 hivi. Bila mayelini, kichwa kisingekuwa na nafasi ya neva za namna hiyo.

Kwa nini basi mayelini isiendelee kunenepa? Kwa sababu inakula nafasi ambayo aksoni ingeitumia. Katika neva yenye afya, unene wa aksoni peke yake ukigawanywa kwa unene wa uzi mzima hutoa namba iliyo kati ya 0.6 na 0.8. Ikipanda kukaribia 1, ganda ni jembamba mno.

Mapengo ndiyo yenye injini

Ganda lisilo na pengo lingeua ishara. Hata uvujaji mdogo, ukiendelea kwa sentimita kadhaa, hulegeza volti mpaka ipotee. Kwa hiyo mayelini hukatika kila baada ya umbali fulani, kati ya milimita 0.2 na 2 kutegemea unene wa uzi, na kuacha aksoni wazi kwa urefu wa maikromita moja tu. Sehemu hizi ni vifundo vya Ranvier, vilivyoelezwa na Mfaransa Louis-Antoine Ranvier katika miaka ya 1870.

Kwenye kifundo, kila maikromita ya mraba ya utando ina chaneli za sodiamu zaidi ya 1000. Chini ya mayelini hazifiki 25. Pembeni mwa kifundo, kingo za mayelini zimegandishwa kwenye aksoni kwa protini maalumu ili mkondo usipenye chini ya ganda. Na baada ya kingo hizo, zikiwa zimefichwa chini ya mayelini, zimekaa chaneli za potasiamu. Mpangilio huu ukumbuke, maana ndio unaogeuka kuwa balaa ganda linapobanduka.

Sasa lile neno "kuruka". Tuseme ishara inakwenda mita 50 kwa sekunde na vifundo vimeachana kwa milimita moja. Kutoka kifundo hadi kifundo ni maikrosekunde 20. Lakini tukio kwenye kifundo kimoja hudumu karibu milisekunde moja, mara 50 ya muda huo. Kifundo cha kwanza kinapomaliza, cha hamsini tayari kimewaka. Wakati wowote ule ishara imetandaa juu ya sentimita kadhaa za neva, ikiwa imewasha makumi ya vifundo kwa pamoja. Haimo kwenye kifundo kimoja ikisubiri kurukia kingine. Kutandaa huko kuna faida kubwa: kifundo kimoja kikizimika, mkondo kutoka vilivyo nyuma bado waweza kufikia cha mbele. Katika neva yenye afya, mkondo unaofika kwenye kifundo ni mara 5 hadi 7 ya ule unaohitajika kukiwasha. Mwili umejiwekea akiba.

Pia kuna akiba ya nishati. Sodiamu huingia mahali pa maikromita moja kati ya elfu, kwa hiyo pampu zina sodiamu kidogo ya kutoa.

Kupima kasi ya neva

Chukua neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko na kukupa shoti ukiigonga. Mpimaji huweka elektrodi juu ya msuli wa ukingoni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Kisha huishtua neva kwa umeme kwenye kifundo cha mkono, na tena chini kidogo ya kiwiko, akiandika kila mara muda unaopita mpaka msuli uitikie. Tuseme kutoka kifundoni ni milisekunde 2.8 na kutoka kiwikoni ni 6.4, na umbali kati ya sehemu hizo mbili ni milimita 210. Tofauti ya muda ni 3.6, 210 kwa 3.6 ni mita 58 kwa sekunde. Hutolewa tofauti kwa sababu muda wa kwanza una ndani yake kazi ya sinapsi (kiungo cha neva na msuli) na ya msuli wenyewe, isiyo kasi ya neva. Kwa mkono wa mtu mzima tunatarajia 50 au zaidi, kwa mguu 40 au zaidi.

Mtu huyohuyo akiwa na neva iliyobanduka mayelini angeweza kutoa 4.6 na 13.0, yaani mita 25. Lakini usitazame kasi peke yake. Kama aksoni zenyewe zimekufa na zilizobaki zina mayelini nzuri, kasi hubaki karibu na kawaida ila mwitiko wa msuli huwa mdogo. Na kama mwitiko ni mkubwa ukishtua kifundoni lakini unashuka zaidi ya nusu ukishtua kiwikoni, ishara zimezibwa kati ya hapo.

Makosa mawili huwasumbua wanaoanza. Mkono wa baridi hupunguza kasi kwa takriban mita 2 kwa kila digrii, kwa hiyo ngozi ifike kwanza nyuzi joto 32. Na ukipima kupitia kiwiko, mkono uwe umekunjwa. Mkono ulionyooka huacha neva ikiwa imelegea na kujikunja, utepe wa kupimia juu ya ngozi unasoma umbali mfupi kuliko wa kweli, na neva yenye afya hutangazwa kuwa na ugonjwa.

Ganda linapobanduka

Mayelini ikitoka, kinachobaki wazi si aksoni tupu ya kawaida. Ni sehemu ambayo haikuwahi kuwa na chaneli za sodiamu za kutosha, na ambayo chaneli zake za potasiamu, zilizokuwa zimefichwa, sasa zinavuta volti kurudi chini. Kapasitansi imerudi yote. Ile akiba ya mara 5 hadi 7 huliwa. Ikishuka chini ya moja, ishara husimama palepale.

Kabla ya kusimama, hupoteza mpangilio. Nyuzi za neva moja hazibanduki kwa usawa, kwa hiyo ishara zilizoondoka pamoja hufika zimetawanyika. Vipimo vinavyotegemea kufika kwa pamoja hupotea mapema: mguu kuruka goti linapogongwa kwa nyundo, na kuhisi mtetemo wa uma wa sauti kwenye mfupa wa kifundo cha mguu. Mgonjwa anaweza kuwa bado ana nguvu, ilhali miitiko hiyo imekwisha.

Joto huzidisha hali. Neva ikipata moto chaneli za sodiamu hujifunga mapema zaidi, mkondo unakuwa mfupi, na kifundo kilichokuwa kinawaka kwa shida hakiwaki tena. Wilhelm Uhthoff wa Ujerumani aliieleza mwaka 1890 kwa wagonjwa waliopungukiwa na uoni baada ya kujichosha. Wenye ugonjwa wa MS (multiple sclerosis), ambapo kinga ya mwili hushambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo, huweza kulegea kwa ongezeko la nusu digrii tu, na kurudi hali yao wakipoa. Anayeishi na ugonjwa huu kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam anahitaji kuelezwa hivyo waziwazi: kuzidiwa mchana wa jua peke yake hakumaanishi shambulio jipya, na maji ya baridi ni msaada wa kweli.

Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, hauna subira hiyo. Mara nyingi hufuata wiki chache baada ya kuhara au mafua. Bakteria Campylobacter jejuni ndiye anayetajwa zaidi. Udhaifu huanza miguuni na kupanda kwa siku chache. Kinachoua ni misuli ya kupumua kushindwa, kwa hiyo kipimo cha pumzi hurudiwa kila baada ya saa chache. Hewa anayoweza kutoa kwa pumzi moja ikishuka chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, yaani lita 1.2 kwa mtu wa kilo 60, anahitaji wodi ya wagonjwa mahututi. Tiba ni imunoglobulini ya mshipani, gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5, au kubadilisha plazima. Steroidi hazisaidii. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 15, ulegevu wa ghafla wa namna hii lazima uripotiwe, kinyesi kichukuliwe mara mbili kwa tofauti ya saa 24 ndani ya siku 14, kwa sababu polio hufanana nao.

Ukoma ndio ugonjwa wa seli za Schwann unaotuhusu kwa karibu zaidi; Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado zina wagonjwa wapya kila mwaka. Bakteria wake, Mycobacterium leprae, hushika laminini, protini iliyo nje ya seli ya Schwann, na kuingia ndani. Hupenda sehemu zenye ubaridi kidogo, karibu nyuzi joto 30, na ndiyo maana huharibu neva zilizo karibu na ngozi: ya alna kiwikoni, ile inayozunguka nje ya goti, na ya usoni. Seli za Schwann zinazohifadhi nyuzi nyembamba zisizo na mayelini nazo huvamiwa, kwa hiyo baka la ukoma kwenye ngozi hupoteza kwanza hisia ya joto na maumivu. Mtu huungua kwa sufuria bila kujua. Baadaye vidole viwili vya mwisho hujikunja, mguu huburuta, jicho halifumbi. Neva yenyewe hunenepa na unaweza kuipapasa nyuma ya kiwiko kama kamba.

Dawa mseto za rifampisini, dapsoni na klofazimini hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, na huua bakteria. Hazirudishi mayelini. Neva inayouma ghafla au mkono unaopoteza nguvu katikati ya matibabu huhitaji prednisoloni haraka, maana udhaifu uliodumu chini ya miezi 6 bado una nafasi nzuri ya kurudi, na uliozidi hapo nafasi yake hupungua sana. Mgonjwa aambiwe haya siku ya kwanza anapokabidhiwa dawa.

Tahadhari moja: si kila ganzi ni mayelini. Kisukari na isoniazidi ya kifua kikuu huharibu zaidi aksoni zenyewe. Upungufu wa vitamini B12 ndio unaovimbisha na kuvunja mayelini ya uti wa mgongo, na ukimpa mgonjwa wa namna hiyo asidi ya foliki pekee, upungufu wa damu utapona huku neva zikiendelea kuharibika.

Seli za Schwann zilizonusurika hugawanyika na kuvisha aksoni upya, ndani ya wiki hadi miezi. Ganda jipya huwa jembamba na vipande vyake vifupi, mara nyingi chini ya nusu milimita, hata kwenye nyuzi nene ambazo zamani zilikuwa na vipande vya milimita nzima. Vifundo vimekuwa vingi, na kila kifundo kinakula muda. Kwa hiyo aliyepona Guillain-Barré na kurudi shambani au kiwandani akiwa na nguvu zake zote anaweza kupimwa miaka kadhaa baadaye na kukutwa na mita 40 mahali pa 55. Namba hiyo peke yake, bila dalili mpya, si sababu ya kumwanzishia tiba tena.